Mistari Miwili ya Chini

Tunduma,
Jumatatu, 16 Julai 2012

Shoga yangu Ruti,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Ipyana na watoto, na baridi ya milima ya huko Ileje iwe imewahurumia mwaka huu kuliko ilivyotuhurumia sisi. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Nina mafua tu, na mafua ya Tunduma unayajua, nusu baridi nusu vumbi la malori. Mama anakusalimu sana, bado anakuita binti wa maparachichi. Mzee Sufiani naye yupo, kila asubuhi anakwenda kugombana na foleni ya malori pale mpakani kana kwamba foleni ina masikio.

Barua yako niliipata Jumatano iliyopita. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimelia, tena mimi unanijua si mtu wa machozi ya karibu. Umesema mwezi wa tatu ulikuwa jikoni, redio iko juu ya kabati, ukasikia sauti yangu ikitangaza kifo cha shangazi yako aliyekulea. Ukanisikia nikitaja watu wa kwenu mmoja mmoja, Danford wa Mbangala, Yonasi wa Mlowo, mpaka Osea wa Itumba ambaye hata kikombe cha uji hakuwahi kumpelekea marehemu. Kisha nikafunga tangazo, na wewe sikukutaja. Umesema kwenu mtu asiposomwa kwenye msiba wa nyumbani kwao amefungiwa mlango, na mlango ule aliyeufunga ni kaka yako Enoka, kwa sababu ya maneno mliyorushiana Krismasi. Ndiyo maana hukwenda kuzika. Na sasa umeapa kwamba hata siku ya kuweka msalaba kaburini hutakanyaga Igamba.

Swali lako ni moja tu: je, Enoka aliliandika jina lako au hakuliandika? Nitakujibu. Lakini nivumilie kwanza, maana jibu lenyewe limepita kwenye kompyuta, na kompyuta hiyo nina ugomvi nayo ambao haujaisha wala sina haraka nao uishe.

Kazi yangu unaijua kwa masikio, hujawahi kuiona kwa macho. Hapa redioni kwetu mtangazaji anakaa peke yake studio na kompyuta moja, na humo humo ndimo ulimo muziki, matangazo ya misiba, salamu za wasikilizaji na matangazo ya biashara. Mfumo wetu wa zamani ulikuwa unakupa vyumba vinne ndani ya skrini ile moja. Unabonyeza vitufe viwili, umehama chumba. Cha kwanza niliweka muziki. Cha pili misiba, na humo sikuruhusu kitu kingine kiingie, maana msiba una heshima yake. Cha tatu salamu, cha nne biashara. Dirisha usilolihitaji ulikuwa unalikunja, linabaki utepe mwembamba wenye jina lake, kama mkeka ulioegemezwa ukutani. Na dirisha la tangazo ulikuwa unalipiga pini, likakaa juu ya yote, hata ufanye nini halifunikwi. Miaka minne nimefanya kazi hivyo, Ruti. Mwishoni nilikuwa naweza kufanya nimefumba macho.

Basi mwezi wa pili meneja wetu, Bwana Fanueli, akamwita fundi kutoka Mbeya anaitwa Brayan, aje kuweka toleo jipya. Hakuna aliyeniuliza. Niliingia asubuhi nikakuta vyumba vyangu vimevunjwa, kukunja hakuna, pini hakuna. Picha za kubonyeza zimekuwa kubwa kama maandazi. Ukilisogeza dirisha pembeni kidogo tu, linavimba linajaa skrini nzima. Na kichaa kuliko yote ni dirisha la muziki: kila wimbo unapokwisha linaruka lenyewe mbele, linakaa juu ya kile unachokisoma, bila hodi.

Nilimuuliza Brayan nani aliomba mambo haya. Akanijibu kwa upole wake wa kitaalamu kwamba dunia nzima imehamia huko, na kwamba nitazoea. Nikamwambia mimi sikuhama, nimehamishwa. Akacheka. Bwana Fanueli naye akasema mbona Yusuf halalamiki. Yusuf! Yusuf anasoma mpira na mpira tu, dirisha lake ni moja tangu aajiriwe, atalalamikia nini? Wiki hiyo hiyo nilisoma tangazo la mzee wa Mpemba aliyepotelewa na ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe, na kabla sijamaliza kutaja baka, mfumo ukanirukia ukaachia tangazo la bucha. Mzee wa watu alikuja redioni kuuliza kama tulikuwa tunamwambia kitu. Niliandika barua ya malalamiko. Nikaandika ya pili. Bwana Fanueli akawa akinikuta koridoni ananiuliza kama nimeshazoea, nami najibu kwamba sijazoea na sitazoea, kila mtu anakwenda zake.

Sasa nifike siku yenyewe. Kaka yako alileta karatasi ya msiba asubuhi, Ikram wa mapokezi akaipokea, akaichapa na kuniwekea kwenye kompyuta. Alilipia kusomwa mara moja, saa saba mchana. Mimi Enoka sikumwona. Na jina lililoandikwa lilikuwa Bibi Nehema Nzunda, ambalo masikio yangu hayakulijua. Miaka yote ile ya shule ya bweni, alipokuja kukutembelea na kapu lake akatulisha sote wawili bila kuuliza huyu Mwislamu wa Tunduma ni wa nani, mimi nilimwita Shangazi kama ulivyomwita wewe. Sikuwahi kuuliza jina la pili. Hilo nalo ni aibu yangu, liweke pembeni, yapo makubwa zaidi.

Nikasoma tangazo. Nikataja hao niliowataja. Nilipofika kwa Osea wa Itumba, wimbo uliokuwa unapita chini kwa sauti ndogo ukaisha, dirisha la muziki likaruka kama kawaida yake, likafunika karatasi. Nikafunga tangazo kwa ile sentensi ya mwisho ninayoijua kwa moyo. Chini ya dirisha lile ilikuwa imebaki mistari miwili.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwenye jalada nikaitafuta karatasi ya mkono. Nikaikuta. Bwana Fanueli akanikuta nimeishika, nikamweleza kuwa kuna mtu hakutajwa kwenye msiba wa mamake mlezi. Ruti, yule bwana alibadilika rangi. Redio ndogo kama yetu inaishi kwa matangazo ya misiba, na habari ya kwamba tunaruka majina ya wafiwa ikitembea mpaka Vwawa, tumekwisha. Akaniambia niandike maelezo nisaini, kwamba mfumo mpya ulificha mistari miwili na mtangazaji hakuiona. Akasema maelezo hayo atayapeleka kwa wenye redio, na mfumo wa zamani utarudi kabla ya mwisho wa mwezi, vyumba vinne, pini na vyote.

Hebu fikiria. Miezi mitano nimepigana peke yangu, nimeitwa mbishi, nimeitwa mshamba wa teknolojia, na sasa ushindi umewekwa mezani na kalamu juu yake. Nilikaa na karatasi ile Alhamisi nzima.

Sikusaini. Sikusaini kwa sababu ni uongo. Niliiona mistari ile, Ruti.

Niliiona. Dirisha halikufunika vizuri, vichwa vya herufi vilikuwa vinachungulia juu ya ukingo wake. Ningesogeza kwa kidole kimoja, nukta moja, ningeisoma. Lakini nyuma ya kioo cha studio walikuwa wamesimama Bwana Fanueli na Brayan, wamekuja kuangalia jinsi nilivyozoea. Asubuhi ile ile nilikuwa nimewaambia iko siku mfumo huu utatuaibisha. Dirisha liliporuka, moyo wangu ulifurahi. Nilisema moyoni, haya, acha waone wenyewe. Nikafunga tangazo makusudi, nikazima kipaza sauti, nikaweka wimbo, nikageuka nikawaonyesha skrini kwa kidole: mmeona sasa? Nia yangu ilikuwa nisome mistari iliyobaki wimbo ukiisha. Wimbo ukaisha sisi tunabishana, wa pili ukaisha tunabishana, saa nane akaingia Yusuf na mpira wake. Nikaenda kula. Sikuikumbuka tena.

Kwa hiyo mfumo mbaya siku ile ulikuwa mimi. Kompyuta ilinizibia, lakini aliyenyamaza ni mimi, kwa kutaka kushinda ubishi. Ijumaa nilimwambia Bwana Fanueli hivyo hivyo, nimesimama, mlango uko wazi na Ikram anasikia. Amenipa barua ya onyo na kuniondoa kwenye matangazo ya misiba hadi mwezi wa tisa. Nimeipokea, nimestahili. Mfumo mpya umebaki. Nami papo hapo nikampa barua yangu ya tatu ya malalamiko, maana kosa langu ni langu na ubovu wa mfumo ni wa mfumo, na mimi kuwa mkosaji hakujampa Brayan haki ya kuvunja vyumba vya watu. Aliichukua akanitazama kama mtu anayeona mambo. Atazoea.

Jumamosi sikwenda kazini. Nilipanda gari mpaka Mlowo, nikachukua lingine mpaka Igamba, nikauliza kwa Enoka. Nilimkuta anapogoa kahawa. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia wewe, sikupunguza. Alikaa chini pale pale kwenye majani. Aliniuliza jambo moja tu, kama uliisikia redio siku ile. Nikamwambia uliisikia, ulisikia majina yote isipokuwa la kwako. Akasema kwamba yeye miezi yote hii amekuwa akiamini ulisikia ukakataa.

Namba yako ya zamani aliipiga siku tatu, haipatikani. Hakujua kwamba siku hizi unatumia laini ya Malawi, huko kwenu mpakani. Tegemeo lake lilikuwa redio, na saa ile ya tangazo mwenyewe alikuwa bado njiani akirudi Igamba, hakulisikia. Walipoona hufiki, wazee walitaka kuzika Jumatano. Yeye akakataa. Mchungaji akamsihi, akakataa. Mvua ikanyesha, wakafunika kaburi kwa mabati waliyoyabandua kwenye zizi. Yonasi alisimama stendi ya Mlowo tangu asubuhi hadi jioni akichungulia kila gari lililotoka upande wa Mpemba, Jumatano na Alhamisi. Walizika Ijumaa saa kumi, na Enoka ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka kaburini kwa sababu alidhani bado unaweza kutokea.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Karatasi yenyewe nimeitoa kwenye jalada, nimeikunja ndani ya bahasha hii, na mwandiko wa kaka yako unaujua kuliko mimi. Onyo la pili likija kwa sababu ya kuichukua, lije. Mistari miwili ya chini inasema hivi: "Na Ruti wa Isongole, marehemu amemtaja hadi mwisho. Mazishi yanamsubiri yeye."

Walikusubiri, Ruti. Wakati wewe unalia Isongole ukidhani umefungiwa mlango, mlango ulikuwa wazi siku tatu kwenye mvua, na mimi nilikuwa Tunduma nabishana habari za madirisha.

Msalaba haujawekwa. Enoka amekataa kupanga tarehe, amesema tarehe utaitaja wewe. Ameniomba nikuandikie hivyo na mengine mtazungumza wenyewe. Namba yake mpya nimeiandika nyuma ya karatasi.

Mwezi mtukufu unaingia wiki hii, na sisi kabla ya kufunga tunaombana radhi. Huko nyuma nimekuomba radhi kwa vitu vya kitoto, kwa kanga niliyoichoma na pasi, kwa kuchelewa harusini kwako. Leo sina ujanja wa maneno. Nimekukosesha kumzika mamako. Ukinisamehe, nitashukuru maisha yangu yote. Usiponisamehe, sitakulaumu, lakini kwa Enoka nenda. Na hasira zikikuzidi, shuka kwanza hapa Tunduma unitukane mimi uso kwa uso mpaka uchoke, chakula kitakuwepo, kisha nitakusindikiza hadi Igamba.

Nisalimie shemeji Ipyana, na watoto wabusu kila mmoja kwa niaba yangu. Mama na Mzee Sufiani wanawasalimu, na Ikram wa mapokezi naye, ambaye tangu Ijumaa ananitazama kwa jicho la pembeni. Barua hii nampa kondakta wa gari la Isongole, nimemwapisha aitie mkononi mwako na si mwa mtu mwingine.

Ni mimi mwenzako wa kitanda cha juu, niliyekukosea,

Mwanaasha Sufiani