Binti Yangu Alisema “Siyo Upande Huo”

Mpendwa mshauri, naomba msaada. Jumamosi iliyopita, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nilipoteza imani ya binti yangu wa miaka sita, na tangu siku hiyo hanipi mkono hata kuvuka barabara.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nilianza na mashine ya kuazima, leo nina karakana na mafundi wanane, na hakuna aliyenishika mkono. Mtoto alitaka kujifunza kupanda farasi, nikamwandikisha. Somo la kwanza, dakika arobaini na tano, anampiga farasi brashi. La pili, anamwongoza kwa kamba kuzunguka uwanja. La tatu, brashi tena! Dakika mia moja thelathini na tano, na juu ya farasi sifuri. Nikamuuliza mwalimu, “Dada, huyu amekuja kujifunza au kuosha mifugo?” Akacheka, “Baba, farasi si pikipiki, hapigwi teke akawaka. Wazoeane kwanza.”

Mwalimu alipoingia bandani kuchukua tandiko, nikamnyanyua mwanangu nimpandishe mwenyewe, na hapa ndipo roho inaniuma, kwa sababu aliniambia, “Baba, siyo upande huo, anapandiwa kushoto,” nikamwambia nyamaza, nikampandishia kulia, farasi akashtuka, akasogea hatua mbili, mtoto akaanguka. Kofia ngumu aliyovaa ilimsaidia, kiwiko kikachubuka tu. Mwalimu amenisema mbele za watu, mke wangu naye kila nikipita ananiuliza, “Leo unamfundisha nani kazi yake?” Nimeshanunua mdoli na baiskeli, mtoto anasema asante, anaondoka. Je, Jumamosi hii nimrudishe au nimwachishe? Nataka ndiyo au hapana, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

JIBU

Pole, baba. Kuona mtoto anakukwepa ndani ya nyumba yako si jambo dogo, na kukiri kwako bila kujitetea sana kunanipa moyo.

Lakini wewe! Fundi mgeni akiingia karakana yako, akawasha mashine huku mwanafunzi wako anampigia kelele kwamba waya umekatika, ungemfanya nini? Mwanao alikuwa na masomo matatu, wewe hukuwa na hata moja. Alijua, akasema, akanyamazishwa, akaanguka. Hamwogopi farasi huyo, anachokwepa ni mkono wako. Na mpaka leo hakuna mtu mzima aliyemwambia kwamba alikuwa sahihi, ndiyo maana baiskeli haijasaidia kitu.

Jibu lako ni ndiyo, mrudishe, ila mwenyewe akubali. Leo ukitoka kazini kaa chini, macho yenu yalingane, umwambie: “Uliniambia nikakunyamazisha. Nilikosea mimi, si wewe wala farasi.” Usiongeze “lakini”. Kisha nyamaza, hata akikaa kimya nusu saa. Mwombe radhi mwalimu pia, mtoto akisikia.

Jumamosi muulize mtoto anataka ukae wapi. Akisema ushike brashi, shika. Akisema ubaki nje ya uzio, baki nje ya uzio.