Mlango wenye Bendera

Jumanne, Lubumbashi. Joto, mawingu mazito, na mvua inakataa kunyesha. Tangu asubuhi risasi zinasikika upande wa mtaa wa Annexe. Haya nayaandika kwa ajili ya blogu yangu, ila yatakaa kwenye kompyuta yangu mpaka mambo yatulie.

Ninaogopa. Bora niseme hivyo kwanza.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye ubalozi mdogo mmoja hapa mjini. Serikali ilipozuia mitandao ya kijamii na tovuti za habari, konsuli wetu aliniagiza niweke mashine ya kuficha watu: ujumbe unaingia kwetu, unazungushwa nchi nyingine, na unakofika hakuna ajuaye umetoka kwa nani. Nilifurahi kuliko yeye. Kaka yangu Dieudonné, muuguzi kule Kilwa ya huku kwetu, si ile ya pwani, huitumia kila jioni akitoka zamu. Anapeleka nje habari za majeruhi ambao redio inasema hawapo.

Leo mchana binamu yangu, anayefanya kazi kampuni ya simu, amekuja mpaka getini kwetu.

"Yaya, banataka tubape majina ya bantu yote benye batapita kwa mashini yenu, kuanzia leo mangaribi. Fanya attention."

Yaani serikali inataka kampuni iwape majina ya wote watakaopita kwenye mashine yetu kuanzia magharibi ya leo, nami, ndugu yake mkubwa, nijihadhari. Kampuni haisomi tunachoandika, lakini inaona nani ameingia kwetu, na anwani ya ubalozi haijifichi. Tulifungua mlango wa siri, kisha tukautundikia bendera. Kilwa nzima, nani mwingine ana shughuli na sisi?

Nimemwambia konsuli. Amejibu kwamba kuzima ni kusalimu amri. Ni mtu mwema, simchukii. Ila yeye ana kinga. Wakimchoka watampandisha ndege arudi kwao. Kaka yangu watampandisha nini?

Balozi zisaidie, sikatai. Lakini mashine hizo wakaziweke makwao, mbali, ambako mtu mmoja hupotea kwenye umati.

Kumpigia simu Dieudonné ni kumtaja, maana simu zinasikilizwa. Barabara ya Kilwa haipitiki. Njia pekee ya kumwambia asipite mlango ule ni mlango wenyewe, na akiupita tu kuusoma ujumbe wangu, jina lake limeshaandikwa.

Nimezima.

Kazi huenda nikaikosa. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Wapo wengine waliopitia kwetu, siwajui, nao nimewafungia bila kuwauliza. Hilo linaniuma.

Jioni hii kaka atagonga, atagonga tena, hataingia, wala jina lake halitaingia kwenye orodha yao, na atadhani nimemtupa. Acha adhani hivyo, mradi awe hai wa kudhani.