Mkono wa Mama

Kaka yangu,

Huku hatujambo, na chumba chako tumekipaka rangi. Mama ametolewa kwenye mashine ya kupumulia.

Kuna jambo nilikuficha. Baada ya ile ajali alilala hajitambui. Homa ikapanda, madaktari wakachunguza mapafu na vidonda wasione kitu. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa ukiinuka polepole na kutua chini ya mbavu. Nesi akiurudisha, unainuka tena.

"Kwa dawa alizopewa, hata kidole hawezi kukisogeza," nesi aliniambia, huku akirudi nyuma.

Daktari alipompiga picha pale, alikuta kifuko cha nyongo kimevimba, karibu kupasuka.

"Hakina hata kijiwe," alisema. "Uvimbe huu huwapata wagonjwa mahututi hata bila mawe."

Wakamwekea mrija, usaha ukatoka, homa ikashuka.

Jana mama alizungumza. Aliniuliza, "Nani alikuwa akiniinua mkono? Vidole vyake vilikuwa baridi."

Nikamjibu ni mimi. Akatabasamu, akalala.

Sikuwa mimi, kaka. Nilikuwa nimesimama miguuni pake, na nesi kando yangu. Njoo upesi, naogopa kubaki naye peke yangu.

Mdogo wako anayekungoja