Wadaki Waliobaki Ufukoni

Baba yangu,

Leo asubuhi nimeiwasha ile kompyuta. Tangu tukuzike nilikuwa sijaigusa. Ilikaa juu ya kabati na kofia yako imelala juu yake, na kila nilipopangusa vumbi nilipangusa kofia tu.

Unakumbuka tulivyoanza? Mguu ulikuwa umekukataza kuendesha lori, ukahamia kwangu hapa Bulla Pesa, Isiolo, na kazi yako ikawa kubishana na redio. Nikakuwekea ule mchezo wa vita vya kale ili nipate kupumua. Mtu anachagua taifa, analijengea miji na jeshi, kisha anasubiri zamu yake. Nilijua utachukua Warumi, maana wao wamepewa kila kitu. Ukawapita Warumi bila hata salamu, ukasimama kwa Wadaki, makabila ya milimani yenye mapanga marefu yaliyopinda kama mundu.

"Hawa wanachunga kondoo," ukasema. "Hawa ni watu yetu."

Nikakuonya kwamba ili ushinde lazima uvuke bahari na kukiteka kisiwa cha Warumi, na makabila hupewa mashua dhaifu. Haikukushtua. Wewe ambaye maji makubwa uliyoyajua ni Ewaso Nyiro ikifurika na kukuzuia na mzigo njia ya Merti, ukaziita zile mashua lori za maji na ukataka kujua tairi ya akiba inafungwa wapi. Nilicheka hadi jirani akabisha mlango. Baba, ulikuwa na vituko.

Lakini ulikuwa unashindwa kila mara, na kwa sababu ile ile. Hukukubali kupakia jeshi lote. Kila ulipong'oa nanga ulibakiza kikosi kidogo ufukoni, na kule kisiwani watu wakapungua, lango likakataa kuvunjika.

"Peleka wote, Baba. Utashinda."

"Na wakizama?"

"Tutaanza upya."

"Watu hawaanzwi upya," ukasema, ukanitazama kana kwamba nimetusi wageni.

Nilijua ulikotoa akili hiyo. Mfugaji hafungi mifugo yake yote kwa boma moja. Kiangazi kikikaza, huyu ng'ombe anakwenda kwa shemeji, yule kwa binamu, wakamuliwe huko, wazae huko, na bado ni wa mwenyewe. Ndiyo dabare yetu. Ugonjwa ukifagia huku, kule kuna mbegu.

Na ulitugawa sisi pia. Mwaka ule mifugo ilipokufa, kaka alikwenda kwa amu, ndugu yako, kule Merti, mdogo wetu akabaki na mama, mimi nikashushwa kwa shangazi Garbatulla na sanduku la bati. Nilikuwa na umri wa kuanza shule. Ulisema mvua ikinyesha utanifuata. Mvua ikanyesha, Baba. Ikanyesha tena. Ulipita na lori, ukaniletea sukari na viatu, ukaenda zako, nami nikakaa huko hadi nikamaliza shule na kurudi Isiolo kwa nauli ya shangazi. Nilijifunza kutokuulizia.

Kisha siku moja, mchana, umeegemea mto wako mbele ya mchezo, nikauliza kana kwamba ni mzaha:

"Kwa nini hawa unawaacha nyuma kila siku?"

"Sijawaacha. Nimewaweka."

"Waliowekwa hawajui kama wamewekwa."

Kidole chako kilikuwa juu ya kitufe na hukibonyezi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, Garbatulla, na ninaamini ungejibu. Badala yake nikakumbuka maziwa yako jikoni. Nikaenda. Niliporudi tulizungumzia bei ya mbuzi soko la Oldonyiro. Ile nafasi haikurudi, na hilo linaniuma kuliko hata siku ya mazishi.

Jioni ile nilikuacha ukiwa karibu kushinda kwa mara ya kwanza. Mashua zako zilikuwa zimefika kisiwani, lango la Warumi limepasuka, imebaki zamu moja. Kesho yake ulianza kuumwa.

Basi leo nikafungua nikitarajia kuona kisiwa kimetekwa. Sikukuta mtu pale. Lango limepasuka vile vile, Warumi wanalitengeneza kwa raha zao. Nikaanza kutafuta mashua zako baharini, moja moja, na nikazikuta zote zimegeuka. Zimefika karibu kabisa na ufuko wa nyumbani, pale kilipobaki kile kikosi kidogo. Usiku ule, mimi nikiwa nimelala, uliuacha ushindi mlangoni ukarudi kuwachukua.

Nililia, Baba. Nililia hadi chai ikapoa na utando ukatanda juu.

Ninasikitika kwamba ulinijibu kwa lugha uliyoiweza, na mimi nikaisoma umeshalala Bulla Pesa, kwenye kaburi ambalo nyasi zimeanza kuliziba. Ninasikitika zaidi kwamba huenda ulifikiri sijui kuisoma.

Ilikuwa zamu yako. Nimeomba ruhusa yako nikaicheza mimi. Nimezisogeza zile mashua hadi ufukoni, nikawapandisha wale waliobaki, mmoja mmoja, na mapanga yao. Mashua ya mwisho nayo imejaa. Hakuna aliyebaki.

Pumzika, Baba. Umeshafika.

Binti yako uliyemweka Garbatulla