Tepu Inayoanzia Kumi

Fundi Amsi,

Ulifariki Jumanne, wiki mbili zilizopita, saa tano asubuhi, na nikampoteza mtu pekee hapa Babati aliyeniita fundi bila kucheka. Tulikuzika Nakwa siku ya Alhamisi. Jumatatu nilirudi Bagara kwa wale wanafunzi wa usanifu majengo, maana kazi uliniachia mimi.

Kivuli chao cha majaribio, cha watu kukaa chini yake, kimesimama. Fremu nane za pembetatu, kila moja miti mitatu ya mirunda, paa la kreti tupu za soda lililofunikwa kwa viroba, viungo vyote vimekazwa kwa mipira ya tyubu za baiskeli, bila msumari hata mmoja. Kitakaa siku kumi tu, kisha kila kitu kirudi kwa mwenyewe. Ulipoona mchoro ulicheka: "Mama Glori, hawa wamesoma miaka yote hiyo waje kujenga banda la kuku?" Kesho yake ulikuwa wa kwanza kufika na tepu.

Fundi, fremu zimeinama.

Zote nane, upande mmoja, sentimita tano kichwani. Nimeshusha timazi mara tatu. Mwalimu wao akasema mbele ya watu, "Vipimo vya yule mzee havikuwa sahihi." Yule kijana mrefu uliyemwita Mlingoti akaongeza, "Labda mzee alikuwa anapima kwa macho." Wakacheka. Mimi nimeshika msumeno. Leo ni siku ya nne sijamjibu mwalimu.

Kosa nalijua. Tepu yako ilikatika ncha kabla hata sijakufahamu. Unaanzia kumi, unaandika ulichosoma, kumi unaitoa kichwani. Miaka sita umenipigia kelele: "Toa kumi, Mama Glori, toa kumi!" Nikakusihi ununue nyingine, ukasema hii bado ni ndefu kuliko kazi tunazopata. Daftari lako limeandikwa 310, 410, 510. Mimi hapo nasoma 300, 400, 500, ile tatu-nne-tano yetu ya kupata pembe mraba. Wao wana tepu mpya, wakakata kama ilivyoandikwa. Piga hesabu mwenyewe: kwa 310 na 410, mshazari ulitakiwa uwe 514. Wamekata 510. Hizo nne zilizopungua ndizo zinazoivuta nguzo.

Na daftari niliwapa mimi. Walikuja msibani, Mlingoti akaliomba kwa upole, nikalitoa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sinia la chai. Sikusema neno kuhusu tepu. Nilijua umeshawaambia. Si ulikaa nao siku mbili nzima, mimi nikiwa Singe nachagua mirunda? Jana nimemuuliza Mlingoti kando kama uliwaeleza habari ya tepu. Anasema hakumbuki, huku anaangalia viatu vyake.

Hasira yangu iko hapo. Kila kitu kichwani, kila kitu kichwani! Umeondoka nacho, mimi nimebaki na daftari ambalo bila wewe linadanganya.

Kesho Jumamosi, saa tisa alasiri, ni uzinduzi, watu wanakaa chini ya zile kreti. Akina mama na watoto wamewekwa mbele. Mwalimu anataka tuzivute fremu kwa waya zionekane zimenyooka. Kwa macho zitanyooka. Upepo wa mchana ukishajaa kwenye vile viroba, waya wa nini?

Kwa hiyo nakuahidi: asubuhi tunafungua zote. Vipande ishirini na vinne, kila kimoja tunatoa kumi. Wanafunzi ni kumi na wawili, kila mmoja vipande viwili, saa nane tumeshasimamisha upya. Wakikataa, nitakaa mlangoni na msumeno wangu na hapiti mtoto. Ila ili wakubali kubomoa, lazima niseme kosa ni la nani. Kama uliwaambia, nitamwambia mwalimu wao usoni, mbele ya walewale waliocheka. Kama hukuwaambia, nitasema ni mimi niliyetoa daftari nikafunga mdomo, na jina lako nitalisafisha kwa jina langu. Nitaumia, lakini nitasema.

Lala salama, Fundi wangu. Tepu yako ninayo, sitainunulia mbadala.

Ila usiniletee ndoto ya mafumbo. Nataka ndiyo au hapana, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijafika Bagara: uliwaambia watoe kumi, au hukuwaambia?