Kwa Dada Noélie, Aliyefungiwa Nje ya Tanuri Lake

Wewe uliyeiona picha yake gazetini ukataka kufungua ukurasa mwingine haraka haraka: rudi hapa. Ulishamgeuzia uso mara moja, ukiwa nyuma ya dirisha lako, yeye akiwa barabarani kwenye upepo. Leo tunazungumza naye, na wewe utasikiliza.

Dada Noélie, mwaka mzima umepita tangu ututoke, na tanuri la kijiji chetu cha Fontarède halijapata moto tena hata Jumapili moja.

Tunaikumbuka mikono yako yenye harufu ya moshi na kitunguu saumu. Msimu wa baridi ukiingia, wewe ndiye uliyeamka kuwasha tanuri la kijiji, na watu wakaja na vyungu vyao kabla ya misa: vyungu vya udongo mwekundu, mdomo mpana, kila nyumba na alama yake imekwanguliwa ukingoni. Ndani mlikuwa na cassoulet ya kila mtu na ubishi wake: maharagwe meupe yaliyolala majini, soseji, ngozi ya nguruwe, paja la bata bukini lililotunzwa kwenye mafuta yake. Uliwajua watu kwa harufu tu.

"Akina Escande wamebania kitunguu saumu tena," ulisema. "Ubahili mpaka kwenye maharagwe!"

Na nyuma kabisa, palipo na joto jema, uliweka chungu chako, ambacho nusu yake ilikuwa ya Mzee Basile, jirani yetu asiye na mke, wala kuni, wala meno ya kutosha. Yeye alikaa pale kwenye benchi la tanuri mchana kutwa akiota moto. Ulimwambia ni mlinzi wa vyungu, ili asione haya.

Hukuvumilia mtu akoroge. Mkwe wako kutoka Paris alitumbukiza mwiko siku moja, ukampiga kibao cha mkono. "Wee! Unakoroga uji hapo?" Kisha ukamwonyesha taratibu: utando wa juu ukauke, uwe gamba la kahawia, ulivunje kwa mgongo wa mwiko, ulizamishe, usubiri lingine. Tena na tena. Ukichelewa, gamba linaungua, mchuzi unakauka, na Jumapili ya watu imeharibika. Ndiyo maana tangu enzi za bibi yetu kijiji hiki kina sheria moja ambayo haikuhitaji kuandikwa: tanuri halifungwi kwa ufunguo chungu cha mtu kikiwa ndani.

Bwana Delpuech, naibu meya, alilifunga.

Wanaosoma hapa wanajua, maana vyungu vilikuwa vyao. Tulirudi na miiko yetu kuvunja gamba la kwanza tukakuta kufuli jipya mlangoni, na yeye amesimama kando, mikono kwenye mifuko ya koti.

"Ni mambo ya usalama, mama," alisema. "Amri ni amri."

"Mimi si mama yako," ulimjibu. "Mama yako alileta chungu chake hapa maisha yake yote, na akamfundisha mtoto wake adabu, sijui aliipoteza wapi. Fungua. Mna chakula cha watu humo."

"Kitatolewa tanuri likipoa."

"Likipoa utatoa makaa, Delpuech!"

Akaondoka. Nilikuwa na nondo mkononi, dada, unakumbuka. Nilitaka kulivunja lile kufuli palepale. Ukanishika mkono.

"Hapana, Aristide. Tukivunja sisi wawili tutaitwa wahuni. Wakija wenye vyungu wote, tutaitwa kijiji. Ngoja niwaite."

Ukaenda kuwaita. Upepo wa Cers ulikuwa unashuka mlimani, ule unaochuna uso, nawe ulikuwa na aproni na sweta tu, kwa sababu ulidhani unatoka mara moja. Uligonga kwa Escande. Uligonga kwa mwokaji mstaafu. Uligonga kwa yule anayesubiri kibali cha ghala lake, na kwa yule ambaye mwanawe anafanya kazi ofisi ya meya. "Njooni na miiko tu, maharagwe yenu yanaungua!" Mapazia yakatikisika. Madirisha ya mbao yakavutwa. Mama Escande akasema kwenye ufa wa mlango, "Noélie, mpenzi, leo nina mafua." Mafua! Wewe ndiye uliyeyapata.

Alikuja Basile peke yake, na kiti chake. "Kaa, binti," alikuambia, "mimi ndiye mlinzi wa vyungu." Ukakaa mbele ya lile kufuli, mwiko mapajani, tukisikia harufu inavyobadilika: kwanza mafuta na majani ya kunukia, halafu ngozi iliyokolea, halafu uchungu, halafu moshi mweusi chini ya mlango. Hukulia. Ulikuwa unataja tu, harufu moja baada ya nyingine. "Hicho cha Rouanet. Hicho cha Escande. Hicho chetu, Basile."

Delpuech alipokuja kufungua, nyinyi wenye vyungu mlitoka wote. Mlikuwa wazima kumbe! Kila mmoja akatafuta alama yake, akabeba chungu chake cha makaa, akapita mbele ya dada yangu akitazama viatu vyake. Usiku ule kifua kilimbana. Wiki haikuisha, akatutoka.

Sisi hatusahau upesi. Watu wa meya walipobomoa birika la kijiji la kufulia nguo mlisema ni la zamani. Walipofunga shule mlisema watoto wamepungua. Sasa asubuhi ya Jumamosi mafundi wanakuja kuziba mdomo wa tanuri kwa matofali, wapande maua mbele yake, wageni wapige picha, halafu wauziwe cassoulet ya kopo. Dada, hiyo ya kopo ungempa mbwa wa Delpuech, na ungemwomba mbwa radhi.

Basile bado anaishi. Anakula mikate mikavu jikoni kwake akiwa na koti na kofia, na bado anauliza, "Jumapili moto upo?"

Tunakukumbuka kila tunaposhika mwiko: binti yako Solange, mjukuu wako Mathilde aliyerithi makofi yako, mimi mdogo wako Aristide, na Basile, mlinzi wako. Hutatoka mioyoni mwetu, na hatutawaacha wengine wakutoe mwao.

Na wewe unayesoma. Chungu chake kiko mezani kwangu, kimesuguliwa. Nondo ninayo ileile, na kufuli ni lilelile. Tanuri lenye moto na vyungu ndani halizibwi na fundi yeyote wa nchi hii, nao mafundi wenyewe wamelelewa kwa maharagwe hayohayo. Lakini sisi wanne tutaitwa wahuni. Uje na chungu chako kabla mafundi hawajafika, tuitwe kijiji.

Kutapambazuka Jumamosi, na maharagwe hayalowani kwa dakika tano. Kwa hiyo weka gazeti chini. Inuka, yamimine kwenye maji sasa hivi.