Sauti Iliyoniambia Nirudi Nyumbani

Mpendwa Mshauri Bernardine, naomba msaada wako na usinicheke, maana hapa kambini Nakivale nimeshachekwa vya kutosha.

Mimi ni Mrundi, mama wa watoto watatu, nauza maharage, na kwa miaka mingi moyo wangu unadunda bila sababu, hata nikiwa napepeta tu, kichwa kinauma, nawafokea watoto, basi muuguzi akaniambia ni mawazo, akanielekeza kwa Pascaline, mama Mkongomani anayekusanya wanawake kila Jumanne kanisani kwao, tunakaa kwenye mikeka, anawasha simu, na sauti ya mwanamke inatuongoza kutafakari, vuta pumzi, toa pumzi, legeza mabega. Mara ya kwanza nilisinzia, nikaona aibu. Mara ya pili mabega yalishuka kweli, Mshauri, nikalia kwa raha. Mara ya tatu ile sauti ikasema, taratibu kabisa, "Sasa rudi nyumbani," nikafumbua macho, maana unajua neno hilo kwetu sisi wakimbizi lina maana gani, kila siku watu wanaulizana nani kajiandikisha kurudi Burundi, nami najua nilichokikimbia huko, basi nikasimama nikapiga kelele kwa Kirundi kwamba wanatulegeza kwanza halafu watuandikishe, na Warundi wote kumi na mmoja tukatoka, mmoja akaacha hata kiatu. Pascaline alitukimbilia akiita, "Badada, mungoje! Haiko Burundi anasema, ni mu pumzi yenu!" Hatukumsikiliza.

Baadaye nikaisikiliza ile sauti mpaka mwisho kwa simu ya jirani. Kweli, ilimaanisha pumzi. Sasa moyo umeanza tena, na nikijaribu peke yangu, nikifumba macho naiona njia tuliyopita tukikimbia, natamani ule mkeka lakini nitamtazamaje Pascaline, aliyebaki na wanawake wawili?

Alida, Nakivale

Alida, sikucheki. Aliyetunga maneno yale hajawahi kufungasha nyumba nzima kwa dakika tano. Angewahi, angechagua neno lingine. Woga wako ulikuwa na sababu, pole sana. Lakini mama mzima, mbona ulipiga kelele kabla ya kuuliza?

Na nani alikuambia lazima ufumbe macho? Wewe bado unajifunza. Kaa mgongo ukutani, uso mlangoni, macho wazi, tazama kitu kimoja, hata mshono wa mkeka. Dakika tano zinatosha. Mawazo yatakimbia, usijigombeze, sikia tu hewa ikipita puani. Ukisinzia, sinzia, umechoka. Ile njia ikikujia, acha hapo hapo, kanyaga chini kwa miguu yote miwili, taja kwa sauti vitu unavyoviona. Haya yafanye ukiwa na wenzako kanisani, peke yako usijaribu kwanza. Ikizidi kuja, mrudie muuguzi umweleze yote, hata yale uliyomficha, maana hapo simu haitoshi.

Kwa Pascaline nenda kesho, usingoje Jumanne. Mwombe radhi, kisha mwombe aizime simu awaongoze kwa mdomo wake, na pale pa "nyumbani" aseme "rudi kwenye pumzi". Wewe utafsiri kwa Kirundi.

Ukitoka hapo, pita kwa wale kumi, mlango kwa mlango, bila kumtuma mtu, useme "nilikosea" kwa sauti ile ile uliyowatoa nayo. Kila mmoja wao ana moyo unaodunda kama wako, na Jumanne hii hana pa kuupumzisha kwa sababu yako.